Chai ya Mkandaa na Mguu Wangu

Harufu ya majani ya chai yaliyochemka mpaka yakawa machungu hunirudisha Msambweni mpaka leo. Sisemi chai ya kunywa, ile yenye iliki na tangawizi. Nasema chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa, iliyokolea hadi ikawa nyeusi sufuriani, inayokausha ulimi ukiionja kwa siri kama nilivyoionja mimi.

Ulikuwa mwaka wa Uhuru. Shule yetu ilichaguliwa kwenda kuimba Kwale, kule juu kilimani, bendera mpya itakapopandishwa, nami ndimi niliyepewa kuanzisha wimbo. Kichwa kilinivimba, nakuambia. Basi siku moja maji yalipokupwa nikashuka mwambani kutafuta pweza, nikajikata muundi kwa tumbawe. Kidonda kikatunga usaha, kikaanza kunuka. Tabibu wa zahanati alinipa dawa, akamwita mama kando wakanong'onezana, kisha akamwagiza awe akinisafisha asubuhi na jioni.

Mama alinisafisha kwa chai. Ndivyo alivyofanyiwa na mamake, na ndivyo watoto wachanga wa kwetu walivyooshwa macho yakitoka tongo. Alichemsha majani mengi, akayachuja kwa kitambaa safi, akaacha ipoe, akaimimina polepole. Iliwasha, nami nililia bila haya.

Siku aliyokwenda shamba, kazi hiyo ilimwangukia shangazi yangu, dadake baba. Shangazi hakuwahi maishani mwake kupika chai isiyo na sukari. Kwake hiyo ilikuwa kumvunjia mtu heshima, hata kama mgeni mwenyewe ni kidonda. Akatia sukari ya kutosha. Kufika adhuhuri sisimizi walikuwa wameshika njia kutoka ukutani mpaka kwenye bandeji yangu. Mama aliporudi alitazama, akacheka hadi akakaa chini. Shangazi alinuna, akasema mbona mtoto hakulalamika. Mama akapika nyingine, chungu.

Kila jioni nilimwuliza kama nitapanda Kwale.

"Utapanda, mwanangu," alijibu, macho yake kwenye kidonda.

Usaha ukapungua, ukakoma, nyama nyekundu ikaonekana. Nikapanda Kwale. Ngozi ya muundi ilikuwa imeshika rangi ya chai, na wenzangu wakaniambia nivute soksi juu. Mama alipenya katikati ya watu akanifikia.

"Usiufiche," alisema. "Mguu huo nimeuosha mimi."

Niliimba sauti yangu yote, soksi ikiwa chini.

Miaka baadaye nilisomea uuguzi, nikafundishwa kwamba majani ya chai yana kitu kinachozuia baadhi ya vijidudu kuzaana. Si vijidudu vyote, wala si badala ya dawa, na wagonjwa wangu siwaambii waache sindano. Lakini siku ile nilikaa darasani nikitabasamu peke yangu, na laiti ningaliweza ningalisimama nikataja jina la mama.

Nililochelewa kulijua ni jambo jingine. Mama alikuwa mzee aliponieleza alichonong'onezwa zahanati: usaha ukipanda hadi goti, nitapelekwa Mombasa mguu ukatwe. Nikamwuliza, mbona basi alikuwa akinijibu kwa hakika vile? Akasema hakuwa na hakika hata chembe. Alikuwa akinijibu, akienda jikoni akilia, kisha akifuta uso na kuchochea moto.