Baba wa Watoto Wawili

Pitabas Behera, mjumbe wa bunge la Odisha huku India, alimkana mtoto wake akiwa bado tumboni mwangu, ili asipoteze kiti cha uenyekiti wa kijiji. Mimi ni mkewe. Kwetu mke hatamki jina la mumewe; mimi nalitamka, tena kwa sauti.

Aliponioa alikuwa fundi baiskeli kwenye njia panda ya Kusumdihi, na sitasema uongo, hakuwa mtu mbaya. Kibandani kwake mlikuwa na pampu, beseni la maji la kutafutia matundu, na benchi la wateja. Benchi hilo ndilo lililomfanya mwanasiasa. Mtu akingoja pancha izibwe husema yanayomkera: kadi ya mchele wa serikali imekataliwa, kisima kimekauka, mwana kaenda Surat viwandani na hajulikani alipo. Pitabas alisikiliza huku akisugua mpira kwa msasa, kisha akafunga kibanda akaenda kugombana na karani. Mwaka wa ukame alimpakia mjane mgonjwa kwenye baiskeli akamsukuma mpaka hospitali ya wilaya. Uenyekiti watu walimpa wenyewe. Hakununua kura hata kwa kikombe cha chai.

Sheria ya wakati ule ilisema mwenyekiti wa kijiji asizidishe watoto wawili. Akizaa wa tatu, kiti kimekwenda. Sisi tulikuwa na Malati na Tapan, na hapo tungekoma. Mama mkwe hakutaka kusikia.

"Mwana wa kiume mmoja ni kama jicho moja," alisema. "Likiingia vumbi, umeshakuwa kipofu."

Pitabas alikuwa ameisoma sheria ile mwenyewe mkutanoni, lakini mbele ya mama yake hakuwa na ubavu. Nikashika mimba.

Sanatan Nayak, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ndiye aliyekuwa ameshindwa kwenye kura. Aliniona kisimani nimejishika kiuno, akapanda pikipiki yake moja kwa moja hadi wilayani kushtaki.

"Mama Malati," mume wangu aliniambia, "nenda kwa kaka yako kwa muda. Upepo ukitulia nitakufuata."

"Na wakiniuliza mimba ni ya nani?"

"Wewe nyamaza tu. Kunyamaza si uongo."

Siku ya kusikilizwa mashtaka tuliitwa sote. Afisa wa wilaya akamuuliza. Pitabas alijibu bila kunitazama: "Mheshimiwa, mimi ni baba wa watoto wawili. Huyu mwanamke sijalala naye chumba kimoja tangu mwaka jana. Ya tumboni mwake, mwulizeni yeye."

Nikasimama. Afisa akasema nikae, zamu yangu ya kusema bado. Haikufika.

"Kijiji kizima anakilinda," Nayak alipaza sauti, "ua wa nyumba yake umemshinda!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wanawake niliochota nao maji walijiziba midomo kwa pindo za sari. Kiti kikabaki kwake, Malati na Tapan wakabaki kwake, na mimi nikaenda kwa kaka yangu Haladhar. Nikajifungua msichana, nikamwita Jhili. Wifi yangu alitupatia kona ya jikoni. Tuliishi kwa kumenya ukwaju wa watu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Pitabas ilifika mji mkuu, Bhubaneswar, tena ikatiwa lami. Chama kilimpenda kwa sababu alijua kusikiliza, na jimbo likampeleka bungeni. Hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu sheria ya watoto wawili ilikuwa ya wenyeviti wa vijiji. Mjumbe wa bunge anaweza kuzaa kumi, hakuna wa kumwuliza.

"Sasa atakuja," nilimwambia kaka.

Haladhar alitema mate ya tambuu. "Dada, aliyesema uongo mbele ya afisa, akipanda ngazi anapanda nao. Akisema leo ni wake, kesho Nayak yuko mahakamani kumshtaki kwa uongo ule."

Jhili alikua. Umakanta, fundi umeme wa kijiji cha pili, akampenda. Baba yake, mzee Trilochan, alikuja kwa heshima zote.

"Mama Malati, binti yako sina neno naye. Lakini kuhani akiuliza ukoo wa baba, nimjibu nini? Baba yake aseme mara moja tu, mbele yetu wakwe, kwamba ni wake. Sitaki mambo ya magazeti."

Basi nikaenda kwa Pitabas asubuhi, nikakaa barazani na waombaji wengine. Alikuwa amenenepa. Aliponiona alimwambia katibu wake, "Mpe mama huyu chai."

Mama huyu.

"Baba Malati," nikasema, "sikuja kuomba kisima."

"Sema polepole."

"Jhili anaposwa. Wanataka kusikia kwako ni mtoto wa nani. Neno moja tu."

Alifuta uso. "Nitakuja," alisema. "Nitakuja mwenyewe."

Na kweli alikuja. Nyuma yake zilikuja gari za chama, kipaza sauti, na vijana wenye mashada ya maua. Ua wa kaka yangu ukajaa mpaka ukutani. Jhili alikuwa amevaa sari ya manjano. Mzee Trilochan akainuka. "Mheshimiwa, tunangoja neno lako."

Pitabas aliweka mkono juu ya kichwa cha Jhili. Hakuwa amemgusa kabla ya hapo. Nikajua sasa atasema. Katibu akamsogezea kipaza sauti. Akainua macho, akawaona vijana wa Nayak getini wameinua simu, wanamrekodi.

"Mabinti wote wa jimbo hili," alisema, "ni binti zangu!"

Makofi yakapigwa. Katibu akamkabidhi Jhili sari ndani ya mfuko wa nailoni, kama zile wanazopewa mabibi harusi wote maskini, na gari zikaondoka.

Mzee Trilochan aliweka kikombe chini. "Binti wa kila mtu hana ukoo," alisema, si kwa ubaya. Waliondoka kabla wali haujapakuliwa. Umakanta aligeuka mara moja tu njiani.

Ameshaoa kwingine. Jhili yuko Tiruppur, anashona fulana kiwandani, na nikimtajia posa hukata simu. Pitabas anagombea tena, na atashinda.

Mimi sihitaji nyumba yake wala chakula chake. Lakini Jhili anamdai maneno haya: "Huyu ni mtoto wangu." Mdaiwa si chama wala sheria. Ni Pitabas Behera, na mpaka leo hajalipa.