Mwendo wa Saa Moja na Nusu

Nilimkatia mama tiketi ya ndege kwa ajili ya mgongo wake. Basi la kutoka Ngara hadi Dar es Salaam humchukua siku mbili, na kila alipokuja alishuka amepinda, miguu imevimba. Nikatafuta kwenye simu: kutoka uwanja wa Chato hadi Dar, angani, kilomita hazifiki elfu moja, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Nilijiona mwana mwema kuliko wote waliozaliwa kijijini kwetu Mugoma.

Kaka alimpeleka Chato kwa gari, kupitia Biharamulo. Asubuhi mama alikunywa uji nyumbani kwake, jioni alikuwa sebuleni kwangu, amenyooka, boksi la ndizi pembeni. Ndizi zenyewe mbichi. Mama hukata mkungu kwa kupiga hesabu ya njia, ili ziive siku ya kufika. Safari hii aliukata kwa hesabu ya basi, ndege ikaziwahi.

"Shikamoo mama. Pole na safari."

"Marahaba. Pole ya nini? Nimekaa tu, nikaletewa juisi, nikaambiwa tumefika."

Tulicheka sana jioni ile. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani.

Siku ya tatu nikamkuta anakunja vitenge vyake. Nikadhani anavipanga kabatini, kumbe anajiandaa kurudi. Nilishtuka. Akija na basi hukaa mwezi mzima, anapika, anagombana na wajukuu, ananisema nikizidisha chumvi kwenye mboga. Mwezi huo ndio ninaousubiri mwaka mzima.

"Mama, mbona mapema? Hata jembe sijakupa!"

"Kwetu mgeni hukaa kulingana na njia aliyoipita," akasema, mikono haisimami. "Aliyetoka Kanazi anakunywa pombe ya ndizi, jioni anarudi. Aliyelala njiani ndiye anayetandikiwa kitanda. Mimi nimetoka hapo tu. Nikikaa mwezi si nitakuwa nimehamia?"

Nikabisha. Nikamhesabia na saa za gari mpaka Chato, na foleni ya kutoka uwanjani mpaka kwangu. Wapi! Kwake safari ilikuwa ile ya angani tu. Nilimsindikiza nimenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari.

Ndizi zilipitiliza hesabu yake, zikaiva alipokwisha ondoka. Watoto walizimaliza kwa siku moja. Yangu niliila nimesimama jikoni, tamu kweli, na nyumba ilikuwa kimya mno.

Mwaka huu, alipomaliza kupanda maharage, nikampigia simu.

"Mama, mgongo unaendeleaje?"

"Unauma."

"Basi nikukatie tena ndege. Nishaiona ya wiki ijayo."

Nilimsikia akivuta kigoda, akikaa.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Nikatie basi. Safari hii nataka kukaa."