Shimo Chini ya Kitanda

Juzi, hapa ugenini Schaerbeek, fundi wa mabomba aliteremka shimoni mbele ya mlango wangu akiimba, na harufu ya udongo mbichi ikanirudisha Kolwezi. Nilikuwa mtoto mdogo, na tulitoka Lubumbashi kwa gari. Njiani, pale Likasi, papa alinionyesha mgodi uliokufa: "Nkambo yako, papa yangu, alitumikaka hapa." Tulipofika kwa tonton, kaka wa maman, kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani, na mahali pake palikuwa na shimo. Nilidhani ni kisima, kumbe tonton na wenzake walikuwa wakifuata madini ya kobalti. Tonton alishuka kwa kamba, akiimba. Tulikuwa uani tukila bukari ardhi ilipotetemeka, na wimbo ukakatika.

"Tonton analala," maman aliniambia bila kunitazama. "Usifanye makelele."

Nikavua viatu. Na kila aliyeingia akilia, nilimwambia anyamaze, asije akamwamsha.