Pete Nyekundu ya Darubini

Upepo unaonekana. Mimi nimeuona kwa jicho langu hili la kulia, mchana kweupe, huku Edmonton ya London, nikiwa nimelala kifudifudi kwenye majani yenye baridi. Ulikuwa unapita kutoka kushoto kwenda kulia, mwembamba, unameremeta, kama maji ya kijito yanayoteleza juu ya mawe, ila mawe yenyewe hayapo. Jirani yangu alikuwa kalala ubavuni kwangu. Akasema, "Ndio huo, mtani. Ukishausoma, unajua risasi itasukumwa wapi."

Bunduki sijawahi kushika, niseme mapema watu wasije wakanifikiria vingine. Hata siku ile bunduki haikuwepo, ilikuwa imefungiwa kwenye kabati lake la chuma nyumbani kwa jirani, kama sheria ya huku inavyotaka. Sisi tulikuwa na darubini zake mbili tu, na mfuko wa dengu wa kuziegemezea, na chupa ya chai.

Huyu jirani ni Mhindi wa Tabora. Tumetenganishwa na ukuta mmoja, nikikohoa anasikia. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na stesheni ya treni, na baba yangu mimi alikuwa mrina asali, anashuka mjini na nta yake kununua shuka. Inawezekana kabisa wazee wetu walikosana bei palepale dukani. Sisi tukaja kukutana uzeeni, kwenye foleni ya basi, mimi natoka kufua mashuka ya hospitali na yeye anatoka kufunga duka lake. Nilimsikia anaongea na simu, Kiswahili cha kwetu kabisa, nikageuka. Toka siku ile ananiita mtani, nami namwita hivyohivyo. Ananiambia Wanyamwezi tunabeba mizigo ya watu hadi London. Namwambia na nyie mmetufuata hadi London kutuuzia kamba za kufungia.

Sasa, mtani wangu ana wazimu mmoja. Jumapili anakwenda Surrey kwenye uwanja wa shabaha, analala chini, anapiga karatasi iliyoko yadi elfu moja. Karatasi tu. Si mnyama, si nini. Mimi nilimuuliza hiyo karatasi imekukosea nini. Akacheka, akasema pale ndipo mahali pekee London ambapo hasikii mtu, anasikia pumzi yake tu. Hilo nililielewa. Baba yangu alikuwa akisogelea mzinga anapumua vilevile, taratibu, mpaka unadhani kasinzia.

Darubini aliyokuwa akitumia juu ya bunduki alipewa na mkewe. Mama yule, Mungu amrehemu, alikuwa akija na kiti chake uwanjani, anafuma sweta huku milio inalia. Siku aliyompa zawadi ile alimlaza mumewe pale chini, akawa anaizungusha yeye mwenyewe ile pete ya nyuma, kule unakotia jicho, anamuuliza, "Sasa? Na sasa?" Mume aliposema hapohapo, akatoa rangi yake ya kucha mkobani, nyekundu, akadondosha tone pale pete inapokutana na bomba, isije ikahama. Nimehadithiwa hilo mara nyingi kwenye kochi lake, nikawa naliona kama nilikuwepo.

Vuli hii darubini ikaanza kumkataa. Alama ya msalaba iliyomo ndani, ile ya kulengea, ikawa inaonekana imevimba. Anakosa karatasi. Muuzaji wa vifaa akamwazima mpya, aijaribu, na Jumamosi kulikuwa na shindano la mwisho wa msimu. Bunduki moja haibebi darubini mbili. Akija kuiweka mpya, ya mama inakwenda kulala sandukuni.

"Njoo unichagulie," akaniambia. "Mimi si shahidi mzuri, naipenda mno hii."

"Kwani mimi najua nini?"

"Hujui kitu. Ndiyo maana nakutaka."

Nikataka tutazamie dirishani kwangu, ghorofa ya juu, pana joto. Akanitazama. "Mtani, Mhindi na Mwafrika dirishani na mabomba haya? Chai haijachemka polisi wameshafika." Basi ndiyo tukaenda kule kwenye majani karibu na bwawa, ambako watazama ndege wanalala chini na madude yao na hakuna anayeuliza.

Kulikuwa na jua lile la huku, jembamba, na ukungu mwepesi juu ya maji. Mbali kabisa kulikuwa na nguzo ya umeme yenye kibao cha hatari. Tukakiwinda hicho.

Mpya ilikuwa nzito, imejaa vifundo. Ukigeuza kimoja kinalia ta, ta, ta, unakihesabu kwa vidole hata bila kuangalia. Kioo chake kilikuwa na ubuluu kidogo, kila kitu kimeoshwa, hadi misumari ya kibao niliiona. Mtani akanielekeza nizungushe pete ya nyuma mpaka msalaba ukae sawa na jicho langu. Nikazungusha, ukakaa, mweusi, mkali kama uzi mpya. Hapo ndipo nilipouona upepo. Nikausahau umri wangu. Nadhani nilikaa muda mrefu, maana aliniuliza kama nimelala.

Akanipa ya mama. Mwanga wake ulikuwa tofauti, wa manjano, mtulivu, kama ule unaouona ukiinua chupa ya asali juani. Lakini msalaba ulikuwa kama umechorwa kwa mkaa uliolowa. Nguzo ilikuwepo na haikuwepo.

"Zote nzuri," nikasema.

"Usinipe adabu za mgeni. Sema."

"Hii ya mama imechoka, mtani."

Bata wakapita. Akamimina chai, yote akaniachia mimi. Nikatamani niyameze yale maneno. Nikaichukua tena darubini ile kuitafutia japo sifa moja, ndipo nikakiona kile kitone chekundu, na nikajishangaa.

"Ile mpya uliniambia nizungushe pete. Hii mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

"Mtu nakukuta kwako, naanzaje kukugeuzia vitu vyako?"

Akatazama bwawani. Akasema pole pole kwamba macho alipasuliwa kiangazi hiki, mwaka mmoja baada ya mama kuondoka, yalikuwa na mtoto wa jicho, wakamtia kioo kipya.

"Basi jicho alilolipimia mama silo hili," nikasema.

"Najua."

"Unajua?"

"Mtani, nimepiga shabaha miaka yote hii, nitakosa kujua? Najua toka vuli ianze. Nikiigeuza, sauti yake itaondoka pale. 'Sasa? Na sasa?' Itabaki pete tu." Akanisogezea. "Geuza wewe."

"Hapana. Mkono wangu haumo humo."

Tukakaa. Ukungu ulikuwa unapanda, bwawa likapotea upande mmoja, na mimi nikawa naota nikiwa macho, nikimwona mama yule kwenye kiti chake pale majini, sindano zake zinakwenda. Sijui mtani alikuwa anaona nini. Nilipogeuka alikuwa keshalala nyuma ya mfuko wa dengu, jicho kwenye bomba, vidole kwenye pete. Rangi ilikatika kwa mlio mdogo sana. Akageuza kidogo, akaacha. Akageuza kidogo tena.

"Sasa?" nikamuuliza. Lilinitoka tu.

Hakutoa jicho kwenye bomba. "Bado," akasema. Kisha, "Sasa."

Nusu ya tone ilibaki kwenye bomba na nusu ilikwenda na pete, zikaachana kiasi cha unene wa ukucha. Mpya akairudisha kwa mwenyewe Ijumaa. Binti yangu aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama mzee alishinda hiyo Jumamosi. Nilimwambia nilisahau kumuuliza, na ni kweli.

Lakini pale bwawani, kabla hatujakunja mfuko, alinipa nami nitazame. Kibao sikukiona. Msalaba ulikuwa umevimba machoni kwangu, kila kitu ni asali na ukungu.

"Unaona, mtani?"

"Naona," nikasema, na pete sikuigusa, nikamrudishia ikiwa vilevile, imekaa kwenye jicho lake.