Benchi Moja na Mama Mkwe

Nianze na fahali wa baba, ingawa fahali mwenyewe hahusiki.

Wakati ule Busisi hakukuwa na daraja. Watu, magari na mifugo, wote tulingoja kivuko upande wa Kigongo. Baba alikuwa anampeleka fahali ng'ambo kwa wakwe wa kaka yangu, kwa sababu ya mahari, na wale wakwe walikuwa wamesema wazi kwamba hawataki ndama wala maneno, wanataka fahali. Yule mnyama alitembea vizuri njia nzima, mpole kama mtu anayekwenda kanisani. Alipofika kwenye kile chuma cha kupandia kivuko akasimama. Alipigwa, akasukumwa, akasokotwa mkia, mtu mmoja akamng'ata sikio, kweli kabisa alimng'ata kwa meno, hakusogea. Kisha akageuka mwenyewe, taratibu, akapita katikati ya watu, akashika barabara ya kurudi kwetu. Hakukimbia. Na hakuna aliyemzuia, maana nani atazuia kitu kikubwa namna ile kikishaamua?

Baba akakaa juu ya jiwe, akacheka mpaka akatoa machozi. Mimi nikaenda kando kukojoa. Mkojo ukatoka mwekundu. Nikamwita baba, akaja, akautazama pale kwenye mchanga, akasahau fahali.

"Leo nimepoteza dume moja, nimepata jingine," akasema.

Usicheke. Kwetu sisi wachunga ng'ombe, tulioshinda tunaoga kwenye malambo ya kunyweshea mifugo, mvulana kukojoa damu ilikuwa dalili kwamba amekua, kama wasichana wanavyokua kwa namna yao. Aliyechelewa alichekwa. Nilirudi nyumbani siku ile natembea kifua mbele. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la pili, kwa hiyo hakukuwa na mwalimu wa kunisahihisha.

Kilikuwa kichocho. Siku hizi hata mtoto anajua. Lakini sisi wazee, na watoto tuliowalea, tulibaki na alama yetu ileile kichwani: kichocho ni mkojo mwekundu, na mkojo ukiwa mweupe mtu ni mzima. Hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika, nimekuzungusha na fahali bure.

Mjini nilikuja kijana. Nilibeba samaki pale Mwaloni, Kirumba, mpaka mgongo ukakataa, ndipo nikahamia huku nje kidogo ya mji, ufukweni, kwenye mwalo wa mitumbwi, nashona nyavu za watu. Binti yangu wa mwisho aliolewa na mvuvi wa dagaa. Kijana mrefu, mchangamfu, akiwa mtumbwini wenzake wanamsikia kwa kicheko kabla hawajamwona. Kwangu mimi alikuwa ananyamaza kwa heshima, anajibu ndiyo baba, hapana baba, na mimi nilitamani siku moja anichekeshe kama anavyowachekesha wao.

Miaka ile ziwa lilipopanda na kula nyumba za watu, yake ilikwenda na choo chake. Ikabidi ajenge kwenye kiwanja changu. Nilifurahi kuwa karibu na wajukuu, lakini hapo tulijipa kazi, maana Msukuma hakai ua mmoja na mama mkwe wake. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaongei, hawapishani njia nyembamba. Ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo mkwe wangu alijichongea njia yake peke yake nyuma ya mawe, njia ndefu ya kuzunguka, na akilazimika kukatiza uani anakohoa kwanza, mke wangu anajifunika khanga na kugeukia ukuta. Maharage yetu yaliungua mara nyingi kwa sababu ya kikohozi cha mkwe. Jirani yetu Mhaya, mama mjane muuza ndizi, alikuwa akiona hivyo anashika kiuno.

"Nyie Wasukuma," anasema, "mtakufa na adabu zenu."

"Na nyie mtakufa na maringo," mke wangu anamjibu akiwa bado ametazama ukuta.

Basi wakaja watu wa chuo kikuu. Walikuwa vijana, na profesa wao mmoja mwenye mvi kama mimi. Mmoja alikuwa anachota konokono kwenye magugu kwa chujio la mpini mrefu, kisha anawapanga kwenye sinia kama mtu anayechambua mchele. Mwingine anazamisha kipimo cha joto majini. Nikamwuliza huyo, maji unayapima homa? Akacheka. Akasema wanataka kujua kama ziwa likizidi kupata joto, hawa konokono wenye kichocho watazidi au watahama.

"Na mmeshajua?"

"Bado, babu."

Nilimpenda kwa jibu lile. Watu wengi wanaokuja kwetu na magari wanakuwa wameshajua.

Daktari wao alikuwa binti mdogo, mwenye adabu, shikamoo yake inatangulia mguu. Yeye alitugawia vikopo, kila mtu alete choo chake asubuhi. Choo kikubwa, si mkojo. Hapo watu walianza kunung'unika, maana kichocho wanakijua, na kichocho kwao kinakaa kwenye mkojo. Lakini walikwenda. Benchi lilikuwa moja tu, refu, limeazimwa kanisani, limewekwa kwenye banda la dagaa. Watu wamekaa wamebanana, kila mmoja na kikopo chake amekificha, huyu kwenye gazeti, huyu kwenye mkunjo wa khanga. Jirani yetu Mhaya alikifunga chake kwenye jani la mgomba, vizuri, na kamba juu.

"Mama, umetuletea senene?" mvuvi mmoja akamwuliza.

"Fungua uonje, mwanangu. Nimeweka chumvi."

Banda zima likacheka. Mke wangu naye alikuwa amekaa hapo katikati anacheka. Ndipo mkwe wangu akatokea, ametoka moja kwa moja ziwani, suruali imelowa mpaka kiunoni, mkono mmoja chini ya shati. Akaona nani amekaa kwenye benchi. Akageuka kama aliyeona nyoka. Wanawake wakacheka zaidi. Mke wangu akajifunika kichwa haraka, lakini atajifichaje, na kikopo anacho mkononi?

Nikamfuata nje. Nilimkuta nyuma ya mitumbwi, anasugua kikopo kwa mchanga. Alikuwa ameshakimwaga.

"Baba, shikamoo tena."

"Achana na shikamoo. Rudi ukapimwe."

"Mama yupo."

"Najua yupo. Nimekuja naye."

"Sasa baba, nikae benchi moja na mama, yeye ameshika chake na mimi nimeshika changu? Hata akiondoka, nikalie alipokalia?"

"Hii ni afya, mwanangu."

"Mimi mzima. Mkojo wangu mweupe, baba. Mweupe kabisa. Hawa wanahangaika tu na utafiti wao."

Nikarudi kwa yule binti daktari, nikamweleza mambo ya ukwe na ya mkojo mweupe, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema: "Babu, kichocho cha malambo ndicho kinachotoa damu kwenye mkojo. Hiki cha ziwani hakionekani hivyo. Kinakaa kwenye utumbo na ini, mtu anajiona mzima miaka na miaka." Akasema atamngoja mpaka watu wote waondoke. Alingoja kweli, mpaka jua likachwea. Mkwe hakuja. Nilimpelekea maneno ya kile cha ziwani, akanisikiliza ameinamisha kichwa. "Nimesikia, baba." Kesho yake wale watu wakahamia visiwani.

Mke wangu alikutwa nacho. Walimsimamisha kwenye fimbo ya kupimia urefu kama wanamkatia nguo, vidonge vihesabiwe kwa kimo, wakamnywesha uji kwanza, wakampa vidonge vikubwa vichungu, akatapika kimoja wakampa kingine. Akapona. Yale maumivu ya tumbo aliyoyazoea hata akasahau kuwa ni maumivu, yakaisha. Badala ya kufurahi akanuna.

"Nimemzibia njia," akasema.

"Wewe hukumfukuza."

"Nilikaa hapo. Si ni mimi niliyekaa hapo?"

Alikuwa amekaa alipoambiwa akae.

Wale watu wa chuo waliporudi mara ya pili kulikuwa kumepita misimu kadhaa, na mkwe wangu alikuwa ameshaanza kuota tumbo. Mikono imekonda, tumbo limekaza. Wenzake mtumbwini walimtania. "Mapacha hao, tafuta mkunga!" Naye anawajibu, "Mkunga dada yako." Halafu siku moja wakati wanavuta mtumbwi pwani alitapika damu. Damu nyingi, nyeusi na nyekundu, ikatawanyika kwenye maji ya kina kifupi, na dagaa wadogo wakaja kuidonoa. Baada ya hapo hakuna aliyemtania.

Mke wangu aliposikia watu wa chuo wamefika tena, hakusema kitu. Alifunga khanga zake asubuhi, akaenda Buzuruga kwa dada yake, akamwachia binti yetu maneno: mwambie mumeo leo mimi sipo mwalo mzima, benchi lote ni lake. Alikaa huko mpaka giza lilipokaribia, na dada yake mwenyewe hakuwepo nyumbani, alikaa mlangoni tu.

Safari hii mkwe alikwenda, na mimi nikaenda naye. Walimlaza, wakampaka mafuta tumboni, wakapitisha kidude cha kupigia picha ya ndani. Binti daktari aliangalia kioo kwa muda mrefu. Mimi naangalia uso wake, maana kioo sikijui. Picha ilikuwa kijivu na kijivu, na mistari myeupe kama mizizi kwenye jiwe lililopasuka. Akasema hiyo mistari ni makovu. Akasema damu inayotakiwa kupita kwenye ini inakosa njia, inarudi, inavimbisha mishipa ya kooni, na ile ndiyo inayopasuka.

"Si mna vidonge?" nikasema. "Mama mkwe wake alimeza, amepona."

"Atapewa, babu. Vidonge vinaua minyoo. Makovu haviondoi."

"Basi mna kitu gani cha makovu?"

Akakifuta kile kidude. Mkwe wangu amelala pale na tumbo lake linang'aa mafuta, anatusikiliza kama vile tunaongelea mtu wa kijiji kingine. Binti akasema kuna hospitali kubwa mjini, wanaingiza mpira kooni wanaifunga hiyo mishipa, lakini ni lazima arudi tena na tena, na ziwani asiingie. Akisharudi majini anaambukizwa upya, na makovu yanaongezeka.

Alikwenda hospitali, wakamfunga mishipa. Akapumzika nyumbani kidogo, amekaa kwenye kivuli cha nyumba yake anatazama mitumbwi. Binti yangu akauza maandazi. Wajukuu wakala maandazi yale aliyoshindwa kuuza. Halafu asubuhi moja nikaona suruali yake kwenye kamba inachuruzika maji, nikajua amerudi ziwani. Ningemwambia ale nini? Mimi mwenyewe kazi yangu ni nyavu za kuvulia ziwa hilohilo. Alitapika tena. Wakamfunga tena.

Sasa ikafika siku ya majibu. Wale watu walikuwa wameahidi kwamba utafiti ukiisha watarudi kutueleza walichokiona, na walirudi, siwezi kuwasema vibaya, wengi hawarudi. Wakaleta soda. Banda lilijaa. Profesa akaeleza kwa lugha rahisi, anaonyesha picha za konokono, akasema wanaofanya kazi majini wanameza dawa na baada ya muda mfupi wanakutwa nacho tena. Kwa hiyo tupunguze kuingia ziwani.

"Mtumbwi tuushushe kwa simu?" mvuvi mmoja akauliza. Watu wakacheka, na profesa akacheka pia, kwa aibu.

Mkwe wangu alikuwa amekaa mbele, upande wa wanaume. Akainuka, chupa ya soda mkononi, hajaifungua.

"Profesa, shikamoo. Ini langu mmeliona. Picha yake mnayo. Mmelijua kuliko mimi. Sasa?"

Yule mzee alivua miwani. "Mwanangu, tunaendelea kutafuta. Kwa sasa hatuna kitu cha kurudisha ini."

"Na nikikaa nje ya maji?"

"Utaishi zaidi."

"Kwa kula nini?"

Binti daktari alikuwa anatazama viatu vyake. Na kutoka nyuma kabisa, upande wa wanawake, sauti ikasema: "Baba, usirudi majini. Nakuomba. Nitakulisha mimi."

Ilikuwa ya mke wangu. Alikuwa amesimama, khanga imeshuka mabegani, uso wazi, anamtazama mkwe wetu machoni. Hajawahi kumwambia neno tangu amwoe binti yetu. Jirani yetu Mhaya alishika mdomo.

Mkwe wangu alimtazama naye. Sijui alikuwa hajui sura yake, sijui alikuwa anaikariri. Mama mkwe amlishe yeye, mtu aliyekuwa anazunguka mawe asimkanyagie kivuli. Nilikuwa baba pale, ndimi niliyetakiwa kusema, na mke wangu alikuwa amenitangulia.

Akaweka soda chini ya benchi, polepole, isianguke. Akatoka. Hakuzunguka kwa nje kama siku zote. Alipita katikati, mbele ya mke wangu, karibu hata khanga ikamgusa, na hakukohoa. Binti yangu akamwita. Akapita kwenye mitumbwi bila kuigusa, akapita nyumba yake, akashika njia ya kupanda barabarani. Hakukimbia. Mpaka leo hajarudi.