Harusi Ambayo Salomon Hataimba

Jumamosi mchana, katika ua mmoja wa Kasongo, Salomon Ndayizeye ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, inanga mapajani. Ni ubao uliochongwa kama mtumbwi mdogo, nyuzi zimevutwa ncha hadi ncha. Mashangazi wa bwana harusi wanaingia, naye anawapokea kwa wimbo: wamekuja na matumbo makubwa na mbuzi mwembamba. Watu wanaangua kicheko. Punde anawageukia wenyeji na kuwauliza kama wali unangoja wageni walale ndipo uive.

"Mimi sina ukoo huku," anasema akijifuta jasho. "Ndiyo maana natania pande zote, na wote wananipa nyama."

Utani huo ndio unaomlisha tangu alipovuka kutoka Burundi, kijana mkimbizi, akapita Fizi kwa miguu mpaka Kabambare. Amewaimbia machifu, mapadri na wachimba dhahabu wa Lusangi. Siku ya kufyeka barabara, yeye ni mwananchi. Siku ya kugawa mashamba, ni mgeni. Waliomwambia hivyo wapo, wazima, na harusi za watoto wao aliimba yeye.

Sasa binti yake, Esther-Divine, anaolewa kijijini Wamaza. Kwa desturi ya huku, siku hiyo baba wa bibi harusi hukaa kimya wakwe wakimtania. Ndugu zake ndio humjibia, kwa kutaja mababu zake. Kaka za mkewe, Rosine, hawawezi: hao ni wajomba, wa upande wa mama. Na baba asiyejibiwa, binti yake huingia kwa mume kama aliyeokotwa njiani, akakumbushwa kila sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikiungua.

Salomon alizunguka kwa familia alizoziimbia, akitafuta wa kumjibia kama ndugu. Mzee mmoja alisingizia kikohozi. Mwingine alimshauri, huku akitafuna, akalete ndugu kutoka kwao.

Aliyekuja bila kuitwa ni Abdallah, mpiga ngoma wa Nyangwe. Hawa wawili wamenyang'anyana harusi tangu ujana.

"Murundi, nasikia iko mutu anatafuta kaka," alisema mlangoni.

"Natafuta kaka mwenye sauti. Wewe uko na ya mbuzi."

"Basi ile mbuzi ndiyo baba mudogo wa Esther. Nipe majina ya babu zako nishike."

Salomon alianza kuyataja, akihesabu kwa vidole. Huku hakuna aliyewahi kumuuliza. Jina la babu wa tatu lilichelewa kumjia, akaomba maji kwanza.

Harusi ni wiki ijayo. Kila jioni Abdallah anapita uani kwa Salomon akiyakariri majina hayo, akimpa babu mmoja mke wa mwingine, na Rosine anacheka mpaka anaacha kutwanga.

Salomon ameshaazima koti. "Nitakaa, nitafunga mudomo," anasema. "Wanitanie mpaka washibe. Halafu nataka nisikie jina la babu yangu linaitwa kwa nguvu Wamaza, na mutu wa huku ndiye anaita."