Nilivyokwama posta Bariadi: vyeti vyangu na samli ya mama kwenye kifurushi kimoja

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kiti.

Ni enzi zile soko huria limeshaingia, mabasi ya watu binafsi yamejaa, na Bariadi bado iko chini ya Shinyanga.

Nimemaliza chuo, niko nyumbani Nkololo nasubiri kazi. Ofisi moja Dar ikatangaza nafasi. Walitaka vyeti halisi vipelekwe kwa mkono kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata. Mjomba yuko Dar, kwa hiyo nivitume kwake, yeye avipeleke.

Bahasha niliikagua mara nne. Kisha nikampa mama aishonee kwenye kitambaa, pamoja na zawadi ya kaka yake. Kwetu humtumii ndugu shida yako mikono mitupu.

Alishona mwenyewe. Mimi sikuangalia. Kosa lilianzia hapo.

Posta kulikuwa na foleni, nikawa nasoma tangazo la vitu vilivyokatazwa. Viberiti, petroli, sumu, wanyama hai. Halafu chini kabisa: nyuki hai wanaruhusiwa, wakifungwa inavyotakiwa.

Nikabaki na maswali. Nani anatuma nyuki? Stempu anabandika wapi?

Zamu yangu ikafika. Karani alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Akakibonyeza kifurushi, akakinusa.

"Mwanangu, humu kuna nini?"

"Vyeti na... zawadi."

"Zawadi gani?"

Sikujua. Akanisukumia mkasi. "Fungua mwenyewe."

Ndani kulikuwa na chupa ya samli, imezibwa kwa gunzi la mahindi. Joto la njiani limeiyeyusha, imepita kwenye gunzi mpaka kwenye bahasha. Cheti cha chuo kilikuwa na doa juu ya mhuri, karatasi inaonesha upande wa pili.



"Ingelowesha barua za watu mpaka Dar," karani akasema. "Samli hatukatai. Ila iwe kwenye chombo kisichovuja, uzungushie kitu cha kunyonya, uweke kwenye boksi gumu. Hivi sipokei."

Nikaenda stendi. Nilipomsimulia, konda wa basi akacheka.

"Lete hapa msomi, sisi hatunusi mizigo ya watu."

"Mnatoa risiti?"

"Risiti ya nini? Si unaiona sura yangu?"

Nilikuwa naiona. Lakini nikawaza: sura hii ikishukia Shinyanga, ikapanda nyingine, nitamdai nani vyeti vyangu? Nikageuza.

Kwa bahati, Bariadi kitu cha kunyonya hakitafutwi. Nilinunua kopo lenye mfuniko wa kubana, nikahamishia samli humo, nikaokota pamba iliyodondoka kwenye magunia njia ya kwenda kiwanda cha kuchambua pamba, nikalizungushia, nikalipakia kwenye boksi la sabuni. Vyeti nikavitenga kwenye bahasha mpya, viende kwa barua ya rejista.

Karani akalitikisa boksi, akalipindua, akasikiliza.

"Sasa umefunga." Akagonga mhuri.

Nilipomweleza mama yote hayo, aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo samli imeenda?"

Vyeti vilifika Jumatano, mjomba akavipeleka, nikaitwa kwenye usaili. Mjumbe mmoja akainua cheti kwenye mwanga.

"Mhuri huu umechezewa?"

Nikaeleza kila kitu, hadi nyuki.  Nikajua nimejimaliza. Mwenyekiti, mama mtu mzima, akakichukua cheti na kukisogeza puani.

"Hii ni samli ya kienyeji kabisa," akasema. "Anayeghushi cheti hakumbuki kuweka harufu."

Kazi niliipata.

Nilichojifunza: usitume kifurushi ulichoshonewa bila kuona kilichomo, hata kama aliyeshona ni mama yako. Na karani akikuuliza kuna nini ndani, hakuchokozi. Anafikiria barua za wengine zitakazolala na mzigo wako.

Cheti ninacho hadi leo. Joto likizidi, kabati langu linanukia jikoni kwa mama.

Nanyi mseme, mama zenu waliwashonea nini? Na kama humu yupo aliyewahi kutuma nyuki, namwomba ajitokeze. Stempu alibandika wapi?